Nusu Mwanga kwa Vifaranga wa Senge

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito hata sikuona mlango wa bafu upande wa pili wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Baridi imefika Ruiru. Nilikuwa naosha vyombo wakati Senge Nekoye alipotoka na kikombe chake cha chai, akasimama karibu nami, akasema ameagiza vifaranga hamsini na watafika mwisho wa mwezi.

Mwaka jana, majira kama haya, vifaranga wake wote walikufa. Jiko la makaa lilizimika alfajiri, nao wakarundikana kwenye kona ya sanduku wakitafuta joto. Wa chini walikosa hewa, wa juu wakauawa na baridi. Senge hakulia, lakini kwa wiki nzima hakuimba alipokuwa akipika.

Senge ni dada ya baba. Kwetu ni Kimilili, ila tangu nijiunge na kidato cha kwanza naishi naye hapa Mwiki, Ruiru, kwa sababu ni yeye aliyetaka nisome. Kiwanda cha nguo anakofanya kazi sasa humwita siku mbili au tatu tu kwa wiki. Kuku ndio tegemeo letu.

Alimaliza chai yake, akamwaga majani chini, akasema, "Nakhumicha, hawa ndio wa mwisho. Wakifa, narudi nyumbani kulima. Na wewe tutarudi pamoja. Siwezi kukuacha hapa peke yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Niko kidato cha tatu. Kule nyumbani najua nitakachofanya: nitawalea wadogo zangu na kusubiri kuolewa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwendea Madam Mukonyo, mwalimu wetu wa fizikia, baada ya kipindi. Nilimweleza kwamba taa ya gari ingeweza kuwapasha vifaranga joto bila moshi wala makaa, lakini ikiwaka yote inachoma, na ikizimwa hakuna kitu. Nilimwuliza kama kuna njia ya kuipata nusu.

Alisema shule nyingine zina vibao vidogo vya elektroniki vya kazi kama hiyo. Sisi hatuna. Halafu akatazama mlango wa stoo, palipo na kompyuta za zamani ambazo hakuna anayezitaka, akasema tukutane Jumatano.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimefundishwa jambo ambalo ningependa kulikumbuka nikiwa mzee, kwa hiyo naliandika polepole.

Madam alisema taa haina haja ya kupunguzwa. Iwashe na kuizima upesi sana, mara maelfu kwa sekunde. Ikiwa nusu ya muda imewaka na nusu imezimika, jicho litaona nusu ya mwanga, na kifaranga atapata nusu ya joto.

Sasa, nyuma ya kompyuta za stoo kuna tundu lenye pini tisa. Zamani watu walichomeka kipanya hapo. Ukiiambia kompyuta itume herufi kupitia tundu hilo, huituma kwa vipande kumi vinavyofuatana kwenye waya mmoja, kama watoto kwenye mstari. Kipande cha kwanza na cha mwisho ni vya mashine yenyewe: kimoja cha kufungua, kimoja cha kufunga. Vinane vya katikati ndivyo herufi. Kila kipande ama kinawasha ama kinazima.

Kwa hiyo ukichagua herufi, umechagua mwanga. Tulikaa na Madam tukizihesabu ubaoni. Herufi kubwa A inawasha vipande saba kati ya kumi. Herufi ndogo o inawasha vitatu. Na herufi kubwa U, hii ndiyo iliyonifurahisha, inawasha na kuzima kwa zamu kutoka mwanzo hadi mwisho, tano kwa tano. Ukituma UUUUU bila kupumua, unapata nusu kamili. Kompyuta ikinyamaza, taa inazimika.

Nilimwuliza kwa nini hajawahi kutufundisha haya darasani. Alicheka akasema hayamo kwenye mtihani.

Ijumaa, 20 Juni

Ouma wa darasa letu amenikuta nikibeba taa ya gari. "Niaje, injinia wa kuku?" Sasa darasa zima linaniita hivyo. Ni jina zuri kuliko lile la mwaka jana.

Jumamosi, 21 Juni

Madam alipata ruhusa, tukaileta kompyuta moja nyumbani. Transista ndiyo mlango: herufi zinagonga, nayo inauruhusu umeme kuifikia taa au inauzuia. Taa inapata umeme wa nyumba kupitia kifaa cha kuupunguza, na ina swichi yake pembeni. Kabla ya kwenda Madam alinipa sheria moja: kompyuta kwanza, taa mwisho. Herufi zianze kutumwa ndipo niwashe taa, isije ikafanya mambo yake.

Senge aliuweka mkono chini ya taa nikituma U, kisha A, kisha o. Aliuacha mkono pale muda mrefu.

Jumamosi, 28 Juni

Wamefika! Wako kwenye katoni yenye matundu, wanalia wote kwa pamoja. Senge amewajengea uzio wa mviringo kwa vipande vya hadibodi, ili pasiwe na kona ya kurundikana. Anawashika mmoja mmoja, anachovya midomo yao kwenye maji, anawaachia. Mimi nilituma A. Walikuja chini ya taa wakalala kama vitambaa vilivyodondoka.

Jumapili, 29 Juni

Mama Wangeci, jirani yetu wa ukuta mmoja, amekuja mlangoni kulalamika. Yeye hufuma sweta za shule kwa mashine chumbani mwake, kwa hiyo yuko nyumbani siku nzima.

"Hii kelele itaisha lini? Nimelala saa ngapi mimi? Hapa ni kwa watu, si kwa kuku."

Senge alimjibu kwa upole kwamba itaisha wakikua. Alipoondoka, Senge aliniambia kwamba kelele ya mashine ile ya sweta ndiyo iliyomfundisha yeye kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mimi Mama Wangeci simpendi. Huanika nguo zake kwenye kamba yetu na kutazama masufuria yetu kana kwamba ameyahesabu.

Jumanne, 1 Julai

A usiku, U asubuhi, kimya mchana. Nimeandika programu fupi: inatuma U mpaka saa sita, halafu inanyamaza. Mchana mabati hupata joto la kutosha hata siku ya mawingu, na taa inapumzika mpaka nitoke shuleni. Ukungu.

Alhamisi, 3 Julai

A, U, kimya. Manyunyu. Wote wazima.

Jumamosi, 5 Julai

Mmoja amekufa, lakini alikuwa mnyonge tangu afike. Senge alisema huyo si wa taa, huyo ni wa Mungu. Nilishukuru kwamba alisema hivyo.

Jumanne, 8 Julai

Mama Wangeci amemwita Mwas, keateka anayeitunza ploti, aje asikilize kelele. Mwas alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema kweli ni kelele, akaomba aonyeshwe taa. Nilimwonyesha. Alisema "Aisee" mara mbili akaenda zake. Mama Wangeci hakufurahi.

Baridi ya leo imepasua midomo yangu.

Ijumaa, 11 Julai

A, U, kimya. Wameanza kuota manyoya kwenye mabawa. Senge ameimba akipika. Nilijifanya sikusikia, nisimkatize.

Jumamosi, 12 Julai

Kompyuta imekufa. Ilitoa harufu ya waya ulioungua, ikazimika, haiwaki tena. Senge aliwasha jiko. Tutakesha kwa zamu.

Jumatatu, 14 Julai

Nilimweleza Madam. Alisema nyingine za stoo zote ni mbovu, lakini atanikopesha kompyuta yake ya mkononi, Jumatano, akimaliza kuandika alama. Tatizo ni kwamba hizi mpya hazina tundu la pini tisa. Alinielekeza Thika, kwa Mzee Gurbachan, anayeuza vipuri vya redio na televisheni.

Nilikwenda baada ya shule. Mzee Gurbachan ana kilemba cha buluu na miwani mbili, moja machoni na moja kifuani. Aliniuliza nataka waya wa kazi gani. Nilipomwambia ni ya vifaranga, aliivua miwani akavaa ile nyingine, kana kwamba anataka kunitazama upya.

Alitafuta kwenye droo mpaka akapata waya mfupi: upande mmoja unaingia kwenye kompyuta mpya, upande wa pili una nyaya nyembamba za rangi. Alisema umeme wake ni mdogo kuliko ule wa tundu la zamani, kwa hiyo akanipa na transista inayofunguka kwa umeme mdogo. Nilimwuliza bei.

"Wewe chukua. Kazi ikiisha, leta. Ikiharibika, leta pia, tuone nini imeharibika."

Sikujua kwamba watu hufanya hivyo kwa mtu wasiyemjua. Nilitembea hadi stendi nikiwa nimeushika waya mkononi, sikuutia mfukoni.

Jumatano, 16 Julai

Madam amenipa kompyuta. Jioni umeme umepotea ploti nzima, nitafunga waya kesho umeme ukirudi. Jiko tena. Senge anakohoa kwa moshi.

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Umeme ulirudi alfajiri. Nilifunga nyaya kabla ya kuoga. Nilifuata sheria: kompyuta kwanza, taa mwisho. Nilianza kutuma U, kisha nikabonyeza swichi ya taa. Ikawaka nusu, ileile nusu ya kila siku. Nilifurahi sana. Niliacha programu ileile, U mpaka saa sita halafu kimya, nikafunga mlango kwa kufuli nikaenda shuleni. Senge alikuwa ameitwa kiwandani.

Niliporudi saa kumi mlango ulikuwa wazi na kufuli limekatwa. Nilidhani ni wezi. Ndani taa ilikuwa imezimika. Mama Wangeci alikuwa ameketi sakafuni katikati ya uzio, amevaa leso, miguu ameinyoosha, na vifaranga walikuwa kwenye beseni lake, kwenye mapaja yake, kwenye kikapu chake cha nyuzi. Alikuwa akimnywesha mmoja maji kwa kifuniko cha chupa. Ukingoni mwa uzio walilala saba waliokufa, mbali kabisa na taa, vichwa vyao vimeelekea mlangoni.

Alinieleza bila kuinua macho. Saa sita na nusu hivi alisikia kelele imebadilika. Kwanza walilia kwa nguvu, si kama kila siku, halafu sauti zikaanza kupungua. Alichungulia dirishani akaona taa inawaka kama ya lori, na vifaranga wamejibana kwenye uzio, midomo wazi. Mlango umefungwa. Alikimbia kwenye swichi kubwa iliyo nje ukutani, akaukata umeme wa nyumba yetu, kisha akamfokea Mwas mpaka akaleta msumeno.

Nilisema asante. Nadhani nililisema mara nyingi, kwa sababu aliniambia ninyamaze.

"Usinishukuru. Hiyo kelele yao mimi naijua kuliko wewe. Wiki tatu naisikiliza. Ilibadilika, nikajua. Ngai, Mungu wangu, sasa chota maji, huyu bado ana kiu."

Nilichota maji. Tulikaa hapo naye mpaka jua likashuka. Hakunisuta hata mara moja. Aliniuliza tu huyu mwenye doa jeusi anaitwa nani, nikasema hana jina, akasema hiyo si vizuri.

Senge alifika giza likianza. Aliliona kufuli, aliwaona wale saba ambao nilikuwa nimewapanga juu ya gazeti. Nilianza kueleza kuhusu waya na herufi, nikashindwa kumaliza. Mama Wangeci ndiye aliyemaliza, ingawa hajui lolote kuhusu waya.

Senge aliwahesabu waliobaki, kidole kikigusa kila mgongo. Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

"Basi kwanza ule."

Sijui ameamua nini. Angenigombeza ningejua.

Ijumaa, 18 Julai

Madam Mukonyo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachora ubaoni vile vipande kumi vya U, na chini yake akavichora tena kinyume: palipowasha pazime, palipozima pawashe.

"Hesabu," akasema.

Tano kwa tano. U ni ileile ukiigeuza.

Hapo nikaelewa. Waya mpya unafanya kazi kinyume cha tundu la zamani. Kwenye tundu la zamani kimya ni giza. Kwenye waya huu kimya ni mwanga wote. Ningejaribu kwa A ningeiona imefifia, nikajua papo hapo. Nilijaribu kwa U, herufi pekee kati ya zile zangu ambayo haiwezi kukuambia, kwa sababu ndiyo niliyoipenda. Na kwa kuwa nilianza na kompyuta na kumalizia na taa, sikuiona taa hata mara moja kompyuta ikiwa kimya. Saa sita ilipofika programu ilinyamaza, kama nilivyoiagiza.

Nilimwambia Madam kwamba nimeua vifaranga kwa kufuata sheria yake na kwa uzembe wangu. Aliketi kwenye dawati la mbele, kama mwanafunzi.

"Nilikupa mpangilio, sikukupa sababu yake. Mimi pia sikufikiria huo waya. Hili tutaligawana, Nakhumicha."

Sijawahi kugawana kosa na mwalimu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo, si sana.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeongeza transista ndogo inayogeuza. Nimejaribu kwa A, kwa o, na kwa kimya. Kwa kimya nilikaa kwenye kiti nikaitazama taa iliyozimika mpaka Senge akaniuliza kama naisubiri iseme.

Ufunguo mmoja wa kufuli jipya Senge amempa Mama Wangeci.

Jumatano, 23 Julai

A, U, kimya. Mama Wangeci huchungulia saa sita na saa nane. Akisikia wametulia, anarudi kwenye mashine yake. Nimegundua kwamba mashine ikinyamaza nami huinua kichwa.

Jumapili, 27 Julai

Mvua ya baridi kutwa nzima. Wote wazima. Mwenye doa jeusi sasa anaitwa Mheshimiwa, kwa sababu hula kwanza na hatoki njiani. Jina ametoa Mama Wangeci.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumefunga shule. Nimekuwa wa pili katika fizikia, Ouma wa kwanza. Alisema, "Injinia, wewe ulipoteza alama ukilisha kuku." Nikamwambia ni kweli.

Nilipeleka ripoti kwa Senge. Aliisoma yote, hata upande wa nyuma usio na kitu, akaiweka chini ya redio. Jioni alimpigia baba simu, akazungumza nje, kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini. Nilisikia jina langu. Niliogopa kusogea karibu na dirisha.

Jumanne, 5 Agosti

Manyoya yamewafunika karibu wote. Mchana siwashi taa kabisa. Usiku natuma o tu.

Leo Senge alikwenda kwa Mama Wangeci akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani, akamwita aje achague mmoja. Kwetu mtu aliyekuokolea mfugo humpi asante ya mdomo peke yake. Mama Wangeci alikataa, akakataa tena, kisha akamchagua Mheshimiwa bila kumtafuta. Alimfunga mguuni uzi mwekundu wa sweta. Atakaa na wenzake mpaka akue, lakini ni wake. Niliwatazama wanawake hawa wawili wakibishana kama uzi umekaza mno, na nikajiona mjinga kwa yale niliyokuwa nikiyafikiria mwezi Juni.

Jumamosi, 9 Agosti

Kuku hawahitaji taa tena, hata usiku, kwa hiyo nimemrudishia Mzee Gurbachan waya wake. Nilimwambia haukuharibika, mimi ndiye niliyeharibu, nikamweleza kuhusu U. Alinifanya nieleze mara mbili, mara ya pili akimwita mjukuu wake Jasmeet aje asikie. Kisha aliurudisha waya kwenye droo, akaufungia karatasi yenye maandishi: KIMYA = INAWAKA. Alisema atakayeuchukua baada yangu asome kwanza.

Nikamshukuru. Akauliza kama kuku ni wazima. Hilo ndilo alilotaka kujua.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi jua lilitoka mapema, la kwanza la aina hiyo tangu Mei. Kuku wamehamia kwenye kibanda chao cha nje. Kuna nafasi sakafuni, nyumba inaonekana kubwa.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa tulikuwa tunachambua mboga, mimi na Senge. Kiwanda kimemwita kwa wiki mbili mfululizo, lakini hilo hakulizungumzia. Alikuwa akinitazama nilivyokaa.

Aliniuliza shule inafunguliwa lini. Nikasema Jumatatu ya wiki ijayo. Akaniambia nisimame. Nilisimama na kisu mkononi. Akaivuta sketi yangu ya shule iliyokuwa kwenye kamba, akaipima kwenye kiuno changu, akatikisa kichwa.

"Hii imekuwa fupi. Jumamosi twende Thika tutafute nyingine, na tuchukue yenye upindo mrefu. Utaivaa mpaka umalize kidato cha nne."

Kisha akaniambia niketi, mboga hazijichambui.